Nimebadili namna ya kuachia mpira wa bolingi: nizibe matundu nitoboe upya, au niache?

MzeeWaSpea

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya kutoboa mipira ya bolingi, maana mimi najua kurusha tu. Hesabu za matundu huwa nawaachia wenyewe.

Nina miaka 58 na natumia mkono wa kulia. Kwa miaka zaidi ya kumi nilikuwa nauachia mpira kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa kwa ndani, kiganja kimeupakata kwa chini, halafu nageuza vidole mwishoni kabisa. Mwaka jana kifundo kikaanza kuuma. Daktari akasema ama nipumzike ama nibadili. Kupumzika nilijaribu wiki mbili, nikashindwa. Kwa hiyo siku hizi kifundo nakiacha kimenyooka, kikichoka kinalala nyuma, na mkono unauzungukia mpira kwa ubavuni badala ya kuupandisha kutoka chini. Maumivu yameisha. Sasa anayeumwa ni mpira.

Ninayo miwili, yote ya paundi 15, yote kiini linganifu.

Mwekundu una pini (kile kidoa cha rangi kwenye gamba) juu ya tundu la kidole cha pete, na gamba linang'aa. Karatasi niliyopewa na aliyeutoboa imeandikwa 55 × 4½ × 50, na PAP yangu (ncha ya mhimili ambao mpira unauzunguka ukitoka mkononi) ya wakati ule ilikuwa inchi 5 kulia, ⅜ juu. Huu ndio ulikuwa mpira wa kujivunia. Unakwenda mrefu, ukifika penye ukavu unakata kona watu wanageuka kuangalia. Sasa hivi unateleza kama umepakwa sabuni. Unafika kwenye poketi, ile nafasi kati ya pini ya 1 na ya 3, umechoka, pini ya 6 inalala mfereni taratibu mbele ya pini ya 10, na pini ya 10 inabaki imesimama inanitazama. Juzi nimeihesabu mara saba katika gemu tatu.

Bluu una pini chini ya vidole, na umepigwa msasa wa 2000. Huu nilikuwa nauita Mvivu. Ulikuwa unaanza kujipinda mapema mno, unavuka kichwa, yaani pini ya 1, unaniachia pini ya 4. Miaka miwili umekaa chini ya begi. Nimeutoa juzi kwa hasira tu, na ndio unaoingia poketi kila mara!

Nilimwendea fundi mmoja. Bila kuniangalia nikirusha hata mpira mmoja, akasema tuzibe yote miwili, tutoboe upya kwa namba zilezile.

Maswali yangu mawili. Inakuwaje mkono uleule mpya uue mpira mmoja na kufufua mwingine? Na je, nizibe?

---

KonaKali

Shikamoo mzee. Usihangaike kuziba, hiyo ni gharama ya bure. Mwambie fundi akuongezee tundu la uzito, lile la ziada lisiloingia kidole, pale karibu na PAP kwenye huo mwekundu. Kaka yangu alifanyiwa hivyo, mpira ukaamka.

---

FundiMatundu

Shikamoo mzee wangu. Na KonaKali, mdogo wangu, huyo kaka yako alifanyiwa lini? Tundu la uzito limepigwa marufuku na USBC, chama cha bolingi cha Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2020. Kila tundu kwenye mpira lazima liwe la kushikia, na lazima ulitumie. Badala yake walilegeza kipimo cha mizani: tofauti ya uzito kati ya pande za mpira sasa inaruhusiwa hadi aunsi 3. Anayerushia burudani peke yake atoboe anavyotaka, ila mzee akiingia nao ligini inayofuata sheria hizo, umekwisha kazi.

Turudi kwa mzee. Nimetoboa mipira miaka mingi, na kosa ninaloliona zaidi ni watu kudhani mpangilio wa matundu ni kitu kilichoandikwa kwenye mpira. Sivyo. Ni uhusiano kati ya mpira na mkono wako. Mkono ukibadilika, mpangilio umebadilika, hata kama keekee haijagusa kitu.

Niwaeleze kwa wanaosoma kimya kimya. Mpira ukitoka mkononi unazunguka kwenye mhimili, kama gurudumu kwenye ekseli. Ncha ya mhimili huo, upande wa kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, ndiyo PAP. Kila mtu ana yake, inapimwa kutoka katikati ya mshiko: inchi kadhaa kulia, halafu juu au chini. Na pini ninayosema hapa si zile kumi za mwisho wa leni, ni kile kidoa cha rangi juu ya gamba kinachoonyesha kilele cha kiini kimeelekea wapi. (Aliyeviita vyote viwili jina moja hakututakia mema.)

Namba za karatasi yako ni za mfumo wa pembe mbili, ule wa marehemu Mo Pinel. Ya katikati, 4½, ni umbali kutoka pini hadi PAP. Ya kwanza, 55, ni pembe pale kwenye pini, kati ya mstari unaokwenda PAP na ule unaokwenda, kwa mpira wa kiini linganifu kama wako, kwenye alama ya CG, yaani kitovu cha uzito. Ikiwa ndogo mpira unaamka mapema, ikiwa kubwa unachelewa. Ya tatu, 50, ni pembe pale kwenye PAP, kati ya mstari wa pini na mstari wima unaopita PAP. Ikiwa ndogo mpira unageuka kwa ghafla, ikiwa kubwa unageuka kwa ulaini.

Umeona? Zote tatu zinaanzia au kuishia PAP. Wewe PAP yako imehama, kwa hiyo hiyo karatasi ni picha ya mtu mwingine.

Sitaki kukubashiria. Nipimie vitu viwili:

Bandika kipande kidogo cha utepe mweupe pale unapodhani PAP ipo, mtu akurekodi video ya mwendo wa polepole. Tazama mita chache za mwanzo tu, mpira ukiwa bado kwenye mafuta. Utepe ukizunguka palepale bila kuyumba, umeipata. Ukiyumba kama mlevi, usogeze kidogo urushe tena.

Halafu chukua ile pete ya kwanza ya mafuta, alama ya duara ambayo mafuta ya leni yanaiacha kwenye gamba, uichore kwa kalamu ya nta, na uipime kipenyo kwa utepe wa fundi cherehani ukiulaza juu ya gamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Lete namba.

---

GumbaHuru

Mimi narusha mikono miwili, bila gumba, mambo yangu ni tofauti kidogo ila niongeze neno. Nilipoacha kutumia dole gumba miaka kadhaa iliyopita, sikujua kwamba lile tundu la gumba nililoliacha wazi linageuka kuwa tundu lisilotumika, yaani haramu kwa sheria hiyohiyo aliyotaja dada fundi. Ilibidi nizibe. Hapo kuziba kulikuwa hakukwepeki. PAP nayo ilihama mbali mpaka mpangilio wa zamani ukawa hauna maana yoyote. Kwa mzee sidhani kama amefika huko.

---

MzeeWaSpea

Marahaba wote. Mjukuu ndiye alikuwa mpiga picha. Utepe tumeubandika mara sita. Ya kwanza nilibandika palepale pa karatasi ya zamani, inchi 5, na kwenye video ule utepe ulikuwa unachora duara kubwa kama sahani ya chai. Mjukuu akacheka sana. Tukasogeza, tukasogeza, mara ya sita ukatulia kama msumari uliopigiliwa.

PAP mpya: inchi 4¼ kulia, inchi 1 juu.

Pete ya kwanza: inchi 10½. Kwenye karatasi ya zamani kuna namba 11.7 imeandikwa pembeni, nadhani ndiyo hiyo.

Mwendo ni uleule, kilomita 27 kwa saa kwenye skrini. Mizunguko tumehesabu kwenye video, imetoka karibu 340 kwa dakika mpaka kama 260.

---

FundiMatundu

Mzee, umepima vizuri kuliko wateja wangu wengi. Sasa nina cha kusema.

Pete kwanza. Mzingo wa mpira ni inchi 27, kwa hiyo pete inayopita katikati kabisa ya mpira, ukiipima juu ya gamba, ni inchi 13½. Hapo mhimili umelala sambamba na sakafu, mwinamo ni sifuri. Kila pete inapopungua inchi 0.15, mwinamo unaongezeka digrii 1. Kwa hiyo 11.7 ilikuwa digrii 12. Na 10½ ni digrii 20. Hiyo si tofauti ndogo. Mpira wako umeanza kufanana na pia ya kuchezea watoto: unazunguka umeinuka, unagusa leni kwa pete ndogo. Pia ile haitulii upesi. Mpira wenye mwinamo mkubwa nao unachukua safari ndefu zaidi kabla msuguano haujaulaza ukaanza kubingirika, na mizunguko ikipungua kwa mwendo uleule, safari inakuwa ndefu zaidi. Ndiyo sabuni unayoiona.

Sasa njoo kwenye mwekundu, maana hapa ndipo penyewe. Sina mpira wako mezani, lakini kwa PAP ya zamani, umbali wa 4½ na pembe ya 50, pini yako inakaa takriban inchi 0.75 kulia ya katikati ya mshiko na 2.75 juu. Nimepiga hesabu ya duara kwa PAP mpya. Umbali wa pini hadi PAP sasa ni kama inchi 3.6. Pembe ya 50 imekuwa kama 52. Ile ya 55 haijasogea hata digrii moja. Yaani PAP yako imetembea karibu inchi nzima, na imetembea kuelekea pini, moja kwa moja, kama iliitwa. Pembe zimebaki, umbali umepungua.

Na umbali unafanya nini? Pini ikiwa juu ya PAP yenyewe, au inchi 6¾ mbali nayo, kiini kimetulia, pete za mafuta zinarundikana mahali pamoja. Ikiwa katikati ya hizo, inchi 3⅜, kiini kimevurugika kwa kiwango cha juu na pete zinatawanyika kuliko popote. Wewe umetoka 4½ ukaja 3.6. Umeikaribia 3⅜. Kwa lugha nyingine, mpangilio wa mwekundu umekuwa MKALI zaidi kuliko siku ulipotobolewa, si dhaifu.

Kwa hiyo si matundu yaliyoua mwekundu. Aliyeua ni mwinamo wa digrii 20 na mizunguko 80 iliyopotea, wakasaidiwa na gamba linalong'aa. Mpira unaong'aa ulikufaa ulipokuwa na mkono wa kuuamsha. Sasa mkono unachelewesha, na gamba nalo linachelewesha. Wachelewaji wawili gari moja.

Na huyo fundi aliyetaka kuziba na kurudisha "namba zilezile": akiweka 4½ kutoka PAP mpya, anakurudisha nyuma kutoka 3.6 uliyoipata bure. Ungelipa ili mpira uzidi kuwa mvivu. Mimi simlaumu kwa kutaka kazi, namlaumu kwa kutokuangalia mkono.

Bluu: kwa pini iliyo chini ya vidole, nikikadiria inchi 1 kulia na 1 juu, ulikuwa kwenye kama inchi 4 na sasa uko 3.15. Pembe kwenye PAP ilikuwa kama 77, sasa inakaribia 85, yaani kugeuka kwake kumezidi kuwa laini. Ongeza msasa wa 2000 unaoshika leni mapema. Zamani, kwa digrii 12 na mizunguko 340, uwahi huo ulikuwa sumu. Leo mkono unavuta nyuma, mpira unavuta mbele, wanakutana poketini. Mvivu hakubadilika tabia, amepata tu mtu wa kuendana naye.

Basi ushauri wangu: usizibe chochote. Ondoa ule mng'ao wa mwekundu. Anza na msasa wa 2000, mpira uzunguke pande zote sawasawa, usisugue upande mmoja ukachoka ukaacha. Rusha gemu tatu. Ukiona bado unateleza, shuka mpaka 1000. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na ikikukera unaurudishia mng'ao. Tundu halirudishwi.

Halafu subiri. Mkono wako una miezi michache tu kwenye mtindo huu, na ukichoka kifundo kinalala nyuma, umesema mwenyewe. Pima PAP siku tatu tofauti, na mojawapo iwe mwishoni mwa gemu ya tatu, umechoka. Zikipishana zaidi ya nusu inchi, hakuna mpangilio wa kukutobolea kwa sababu hakuna mtu mmoja wa kumtobolea.

Zikitulia na ukataka mpira mpya, kwa mwinamo huo mimi ningepunguza jumla ya pembe. Ningeanzia karibu na 40 × 4 × 30. Wengine wataniambia ni kali mno. Waje na pete yako mkononi ndipo tubishane.

---

KonaKali

Dada fundi nimekubali yaishe, tundu la uzito nimelifuta kichwani. Swali dogo: mimi kocha ananifundisha kugeuza mkono zaidi, mpira uzunguke kwa pembeni kuliko zamani. Na mimi PAP itahama?

---

FundiMatundu

Si lazima. Kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Mwinamo ni mhimili kuinuka kutoka sakafuni. Mgeuko ni mhimili kuelekea wapi ukiutazama kutoka juu: umeelekea pembeni moja kwa moja au umeelekea mbele. Unaweza kuongeza mgeuko na mhimili ukapita palepale kwenye gamba, kwa hiyo karatasi yako ikabaki halali, ila mpira ukachelewa zaidi na kukata kona kali zaidi mwishoni. Wengi lakini wakijaribu kuongeza mgeuko wanaongeza na mwinamo bila kujua, kwa sababu mkono unapanda juu ya mpira. Utepe mweupe utakuambia. Ukiyumba, umehama.

---

Tundu13

Nimechelewa kuingia. Mzee, kabla ya msasa naomba uangalie jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa: tundu la dole gumba. Kifundo kikiwa kimekunjwa, mpira unakaa kiganjani wenyewe. Kikinyooka, mpira unataka kudondoka, na mtu anaanza kuubana kwa gumba bila kujijua. Ukibana, gumba linachelewa kutoka, na lililochelewa ndilo linalousukuma mkono upite pembeni. Mwinamo mwingi, mizunguko michache. Dalili zako hizohizo. Je, una sugu mpya kwenye kiungo cha gumba, upande wa nje?

---

MzeeWaSpea

Tundu13, nimesoma nikakitazama kidole. Sugu ipo. Nilidhani ni ya jembe la bustanini.

---

FundiMatundu

Haya, huyo ameona nisichokiona. Mzee, hilo lifanye la kwanza. Mwone fundi, si yule, apunguze kidogo urefu wa mshiko au abadili mwelekeo wa tundu la gumba mpaka mpira utoke wenyewe bila kubanwa. Hapo kutahitajika kuziba, lakini ni tundu la gumba peke yake, na pini hata haijui. Baada ya hapo pima PAP upya. Huenda ikarudi nusu ya njia, na hizo hesabu zangu zote za jana zikawa za mtu wa tatu.

---

MzeeWaSpea

Naleta mrejesho, wiki tatu zimepita.

Gumba limetobolewa upya kwenye mwekundu tu, mshiko umefupishwa kidogo sana, unene wa sarafu. Siku ya kwanza mpira ulinitoka mapema ukaanguka kabla ya mstari wa faulo, mjukuu akapiga makofi. Siku ya pili nikaacha kubana.

PAP nimepima siku tatu: 4½ na ¾ juu, 4½ na ⅞ juu, na ya uchovu 4⅜ na ¾ juu. Pete ni inchi 11 kasoro kidogo. Mwekundu nimeupiga msasa wa 2000, haung'ai tena, unafanana na chungu. Kona yake ya zamani haijarudi, inaanza mapema kidogo na haina kelele, lakini Jumamosi pini ya 10 imebaki mara mbili tu katika gemu tatu, na zote mbili nimezifuta.

Bluu sijaugusa. Bado una gumba la zamani, na nikiurusha baada ya mwekundu nahisi kidole kinang'ang'ania. Dada fundi, nao nibadilishe gumba, au nikifanya hivyo nitamuua Mvivu?

---

FundiMatundu

Badilisha, mzee. Mikono miwili tofauti kwenye begi moja itakurudisha kwa daktari. Akianza kuvuka kichwa tena, mpandishe msasa wa 3000 kwanza kabla hujaniandikia.